Iacheni dukani ile seti ya tyubu 24

Jamani darasa la kuchora kwa rangi za akriliki ni Jumamosi na inboksi imejaa swali moja tu, "tuje na nini?" Ngoja niandike hapa mara moja maana vidole vimechoka.

Ile seti ya tyubu 24 za rangi iacheni. Najua inavutia machoni, ila vityubu vyenyewe vidogo na nyeupe inakuja kiasi kilekile kama wenzake, wakati nyeupe ndo inaisha mapema kuliko zote, karibu kila rangi utakayochanganya utaipunguza ukali kwa nyeupe. Kwahiyo chukua tyubu kubwa ya nyeupe ya titani, halafu ndogo nne basi: njano ya limao, majenta, bluu ya altramarini na kahawia iliyokoza. Nyeusi sitaki kuiona kwa sasa, changanya altramarini na hiyo kahawia utapata giza zuri zaidi.

Mbona majenta na sio nyekundu? Nyekundu nyingi zina uchungwa ndani yake, ukiitia bluu ukitegemea zambarau unaletewa matope ya Jangwani hapa Dar baada ya mvua. Na geuza tyubu usome nyuma: PB29 ndo altramarini, PW6 ni nyeupe ya titani, hizo ni namba za pigmenti, yaani ule unga unaoipa rangi rangi yake, na hazibadiliki kampuni hadi kampuni. Mimi tyubu isiyo na namba kabisa huwa naipita.

Brashi tatu za sintetiki zinatosha, mbili bapa na moja ya duara. Pale pale dukani vuta nywele kwa vidole, zikitoka rudisha. Na msiziache zimesimama kwenye kikombe cha maji, nywele zinapinda, ila pia zisikaukie rangi maana akriliki ikishakauka ni plastiki, maji hayaitoi tena.

Kanvasi, kile kitambaa cha kuchorea, ni ghali, ubao mwembamba wa hadibodi unafaa sana tu. Marehemu mchoraji Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968 hapa Dar alianzia kwenye hadibodi, tena kwa rangi za baiskeli. Ila zile ni rangi za mafuta, sasa ukiokota kipande kilichopakwa rangi ya aina hiyo akriliki ikija juu itabanduka, tafuta kipande kitupu, piga msasa, paka geso, ile rangi ya kutandika chini kabla ya kuchora, mara mbili. Geso ukikosa, rangi nyeupe ya maji ya ukutani inatosha kwa mazoezi, kazi ya kuuza hapana.

Halafu hili joto letu, na feni juu! Rangi inakaukia kwenye sahani kabla hujaamua uipeleke wapi. Njoo na kontena la plastiki lenye mfuniko, chini tandika sponji iliyolowa, juu yake karatasi ya kuokea keki, rangi inakaa hapo mpaka kesho yake ukifunika vizuri. Chupa ya kupulizia maji pia, hata ile ya saluni.

Iseli, ile stendi ya kusimamishia picha, msinunue, meza zipo. Shati la kazi ni lazima.