Nilivyotengeneza pistoni ya kuwashia moto bila kiberiti

Kwa anayejua injini ya dizeli hii kitu haimpi shida, dizeli haina plagi ya kutoa cheche, hewa inabanwa haraka mpaka inachemka kiasi cha kuwasha mafuta yenyewe. Pistoni ya moto ni hivyo hivyo ila ya mkononi, na badala ya mafuta unaweka kijipande cha kitambaa kilichounguzwa. Wenzetu wa Borneo, Ufilipino na Burma walikuwa wanazichonga kwa mianzi, pembe na mbao ngumu kabla hata Rudolf Diesel, aliyebuni hiyo injini, hajazaliwa, nawaheshimu sana kwa hilo.

Mimi nilitumia aluminiamu. Fundi wa kukereza alinitobolea tundu la milimita 10 kwenye nondo nene, lina kina cha sentimita 10 na halijatokea upande wa pili, hiyo ndo silinda, mengine nikamalizia nyumbani. Ndani ya tundu ndo kazi ilipo jamani, nilizungushia msasa laini kwenye kijiti nikasugua mpaka pakang'aa, maana mkwaruzo wowote wa kwenda chini unavujisha hewa. Pistoni yenyewe ni nondo nyembamba kidogo kuliko tundu, niliibana kwenye drili, ikawa inazunguka huku nimeigusisha blade ya msumeno wa chuma, ukatokea mfereji wa kukalia oringi, kile kimpira cha duara cha kuzuia hewa isivuje. Kwenye ncha nikatoboa kishimo kidogo cha kuwekea kitambaa. Ukisukuma mpaka mwisho, ile hewa ya sentimita 10 inabaki kama milimita 4, yani 25 kwa 1, dizeli nyingi hazifiki huko.

Kabla ya kuhangaika na moto, pima kwanza. Paka oringi mafuta ya mgando kidogo sana, sukuma pistoni taratibu halafu achia, ikirudi juu yenyewe kama springi imeshika, isiporudi badilisha oringi, hata upige kwa nguvu gani haitawaka.

Kitambaa ni cha suruali ya jinzi ya pamba iliyochakaa. Nilikata vipande nikaweka kwenye kopo la dawa ya viatu lenye tundu la msumari kwenye kifuniko, juu ya jiko la mkaa mpaka moshi ukakata, na usifungue likiwa la moto, hewa ikiingia vyote vinaisha majivu. Vikishapoa vitunze pakavu, huku pwani masika unyevu unaviharibu upesi sana.

Sasa kupiga. Simamisha silinda kwenye kitu kigumu, shindilia kwa kiganja mara moja, haraka, kwa sababu ukienda polepole joto lote linanywewa na chuma, halafu chomoa hapo hapo maana humo ndani hewa ya kuulisha moto haitoshi. Unaona kidoa chekundu kwenye ncha, pulizia taratibu, hamishia kwenye nyuzi kavu za makumbi ya nazi, endelea kupuliza mpaka moto ulipuke. Fundi alipoona akasema "kaka, kumbe hii ni kompresheni tu, kubana hewa!", akaanza kutafuta nondo ya kutengeneza yake.

Ukikosa oringi, uzi wa pamba uliozungushwa na kupakwa mafuta unafanya kazi, hata wa zamani walitumia hivyo. Ninayochonga sasa hivi ni ya pembe ya ng'ombe, nayo nitaizungushia uzi.