Mahadhi ya Misri ndani ya sinagogi

Tangu juzi nasikiliza pizmonimu, nyimbo za dini za Wayahudi wenye asili ya Aleppo, Syria, ambao wengi wao sasa wako Brooklyn, New York. Mtu aliyelelewa na taarabu hawezi kuzisikia akatulia. Maneno ni ya Kiebrania, lakini baadhi ya mahadhi nayajua: ni ya Misri, ya akina Umm Kulthum na Mohammed Abdel Wahab, walewale waliopendwa Unguja.

Sasa, huu ni muziki wa Kiyahudi kweli?

Mtafiti wa muziki Abraham Zvi Idelsohn alikusanya nyimbo za jamii nyingi za Kiyahudi, akachapisha majuzuu 10 kati ya 1914 na 1932, akitafuta shina moja la kale. Kazi hiyo naiheshimu mno. Ila jibu langu nalipata kwa watu wa Aleppo.

Raphael Taboush, aliyefariki 1919, alichukua mahadhi ya Kiarabu akayatungia beti za Kiebrania. Mwanafunzi wake, Moses Ashear, alihamia New York 1912 na kuendelea kutunga. Wimbo hutungiwa harusi, au kijana anayetimiza miaka 13, na ndani ya beti hufumwa majina ya ukoo wake: baba, babu, wajomba. Wanaoijua familia husikia nani katajwa.

Sherehe ikiisha, wimbo bado una kazi. Asubuhi ya Sabato kiongozi wa sala huyachukua mahadhi yake akayavisha maneno ya ibada. Wala hajichagulii tu: kila Sabato ina makamu yake (maqam, yaani mpangilio wa sauti katika muziki wa Kiarabu), kufuatana na sehemu ya Torati inayosomwa. Kikisomwa kifo cha Sara, ni Hijazi, makamu ya huzuni. Habari za tohara huenda na makamu iitwayo Saba. Udi, ganuni na fidla havipigwi siku hiyo. Ni sauti za watu tu, waumini wakiitikia.

Mahadhi yaliyofungamana hivyo na Torati, na majina ya wazee wao, kwangu ni ya Kiyahudi kabisa, hata kama yalizaliwa Cairo.

Wapo marabi waliopinga, kwamba wimbo wa mapenzi haufai mbele ya Mungu. Nawaelewa, hata kwetu kasida ikichukua mahadhi ya taarabu maneno ya watu hayaishi. Lakini Rabi Ovadia Yosef, mzaliwa wa Baghdad aliyekuwa Rabi Mkuu wa Wasefardi nchini Israeli, aliruhusu, na mimi niko naye. Kesho natafuta rekodi za Hijazi yao, nizisikilize sambamba na za Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu cha Unguja.