Siku Moja Grogan na Taa za Nyuma Zinazosumbua

Barabara ya Kirinyaga watu wa Nairobi bado wanaiita Grogan. Saa moja na nusu asubuhi, maduka ya vipuri yakifungua milango, magari ya kwanza huwa yameshapanga foleni. Wenye magari wengi huja na uamuzi tayari: "Fundi, nibadilishie balbu." Sisi tunaomba funguo kwanza. Kubadilisha balbu bila kupima ni kupiga ramli, na gari lisiloonekana kwa nyuma usiku pale Mombasa Road si la kupigiwa ramli. Vifaa vya kazi hii ni vichache: taa ya kupimia, mita, spana namba 10, msasa, solda na waya wa milimita mraba 1.5.

Saa mbili. Toyota Corolla 110. Taa za nyuma zimezima pande zote mbili, lakini za breki zinawaka. Hapo hatuanzi na balbu. Tunaangalia dashibodi: kama mwanga wake umezima pamoja na taa ya namba ya gari, shuku fyuzi iliyoandikwa TAIL, maana vyote hivyo vinapata umeme kwenye njia hiyo moja. Fyuzi mpya ya ampea zile zile ikikatika papo hapo, kuna waya unaogusa bodi, yaani shoti. Kuweka ya ampea 30, au kufunga karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ni kualika moto, kwa sababu sasa kitakachoungua ni waya.

Tunatoa balbu zote za nyuma, kisha pale penye fyuzi tunaunganisha balbu ya wati 21. Ikiwaka kwa nguvu zake zote, shoti bado ipo, na kwa kuwa balbu hiyo haipitishi hata ampea 2, nyaya ziko salama wakati tunatafuta. Tunachomoa plagi moja moja. Mara nyingi mkosaji yuko nyuma ya redio: waya mdogo wa rangi ya machungwa uliounganishwa na njia ya taa ili redio iwake usiku, halafu redio ikabadilishwa na waya ukaachwa uchi. Ukiusogeza na balbu ya kupimia ikafifia, umeupata.

Saa nne hadi karibu saa saba. Nissan Sunny B12, na huu ndio ugonjwa mkubwa wa magari ya zamani. Ukikanyaga breki, taa ya nyuma inafifia na indiketa ya upande ule ule inamulika kidogo bila kuwashwa. Mwenye gari ameambiwa anunue taa nzima. "Mzee, hebu tupime kwanza." Shida ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi. Athi ikishika kutu, umeme wa breki hukosa pa kupita, ukajipenyeza kwenye nyuzi za balbu nyingine ili ufike chini. Ndiyo maana taa ambazo hazijawashwa zinamulika.

Kupima kwenyewe: washa taa, mtu akanyage breki, weka ncha moja ya mita kwenye chuma cha soketi na nyingine kwenye hasi ya betri. Inatakiwa isome chini ya volti 0.2. Ikisoma volti 2, hiyo ni karibu nusu ya mwanga iliyopotea, hata kama balbu ni mpya kabisa. Kutu yenye ukinzani wa omu 1 tu inatosha kuleta hasara hiyo. Tunafungua bolti ya athi ndani ya buti, tunasugua rangi na kutu hadi chuma king'ae, tunakaza, kisha tunapaka vaselini juu ili unyevu usirudi. Bodi ikiwa imeliwa sana, tunavuta waya mpya hadi kwenye chuma kizima.

Saa saba tunakula haraka, tunapita dukani. Balbu ya 21/5 ina nyuzi mbili: wati 5 za taa ya kawaida na 21 za breki. Pini zake za ubavuni haziko sawa kwa kimo ili isiingie kinyume, lakini soketi iliyochakaa inakubali kulazimishwa, na hapo taa ya usiku inakuwa kali na ya breki hafifu. Kosa baya zaidi ni kuweka balbu ya uzi mmoja humo. Kitako chake kinaunganisha ncha mbili za soketi, hivyo ukikanyaga breki hata dashibodi inawaka.

Saa nane. Betri inakufa kila asubuhi. Taa tatu za breki za wati 21 zikibaki zimewaka zinakula ampea 5 hivi, kwa hiyo betri ya saa-ampea 45 inaisha kwa usiku mmoja. Tazama juu ya pedali: kile kiplastiki kinachobonyeza swichi huvunjika kwa uzee, na kidole cha swichi kinapenya kwenye tundu. Vipande huonekana kwenye kapeti. Ni kipuri cha bei ndogo. Usizibe tundu hilo kwa karatasi.

Saa kumi. Station wagon, taa za mlango wa nyuma zinawaka mlango ukiwa wazi na kuzima ukifungwa. Fungua mpira wa nyaya karibu na bawaba. Waya unaonekana mzima, lakini uvute: ukinyooka kama mpira, shaba ndani imekatika. Tunaunga kwa solda, viungo visikae sambamba, na nje ya sehemu inayojikunja, kwa waya wenye nyuzi nyingi nyembamba.

Saa kumi na mbili na nusu giza linaingia. Kila gari tunalirudisha nyuma hadi karibu na ukuta, tunawasha kila taa peke yake, kisha zote pamoja, injini ikiwa inanguruma, maana athi mbovu hujificha taa moja ikiwaka peke yake. Mteja anaondoka na balbu 2 za akiba na fyuzi 2 za ampea 10 kwenye droo ya dashibodi.