Kinyago cha Tumbo

"Dada, ni kweli enzi zenu mlikuwa mnapangwa mstari mnapimwa mimba?"

Mdogo wangu huyo, mnamjua kwa maswali. Enzi zetu! Nimemaliza kidato cha nne 2017, naulizwa kama niliyesoma na Mkoloni. Nikamjibu ndiyo, matroni alikuwa anapita bwenini anatubonyeza matumbo mmoja mmoja. Akasema "makubwa", akaenda kula. Mimi nikabaki nakifikiria kinyago cha yule mwenzangu wa Newala niliyesoma naye.

Mwaka ule mambo yalikuwa ya moto. Juni Rais Magufuli alisema pale Chalinze kwamba mwanafunzi akizaa ndiyo basi, harudi shule. Kwetu Mtwara kuna msichana alikuwa ameshaondoka bwenini usiku, kapakiwa kwenye bajaji, shuka limelowa. Tukaambiwa malaria. Hakurudi.

Kwa hiyo klabu ya sanaa ilipopewa mada ya mahafali, "Jana na leo", wengi tulikimbilia mashua na meli, na mmoja akachora bomba la gesi. Mwenzangu akasema kazi yake yeye itahusu kutoa mimba. Mwalimu akamshauri achore bango la kuonya, lenye fuvu. Akaitikia vizuri tu, likizo akaenda kwa mjomba wake mchongaji, akarudi na kitu kimefungwa kwenye kiroba.

Kilikuwa kinyago cha tumbo, kile wanachofunga kifuani wachezaji wa Kimakonde: matiti mawili, tumbo la mimba limetokeza, kitovu kimechomoza. Mti mwepesi, si mpingo. Mpingo ni wa kuwauzia wageni. Juu ya tumbo alichora chale kwa nta ya nyuki, mistari imeinuka hata ukipitisha kidole unaisikia. Ukikigeuza nyuma hakuna kitu, uwazi mtupu kama bakuli. Na humo kwenye uwazi ndimo alimoandika, kwa kalamu ya wino mzito.

Maneno aliyapata kwa mwalimu wa Uraia, aliyetusomea Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 150, anayejaribu kumtoa mwanamke mimba, miaka 14. Cha 151, mwanamke mwenyewe, miaka 7. Cha 152, anayetoa dawa au kifaa akijua ni vya kazi hiyo, miaka 3. Daktari anayemfanyia mama upasuaji kuokoa maisha yake, huyo ana kinga. Sheria tuliachiwa na Mwingereza, ambaye kwake aliilegeza 1967. Na hapo ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji waliibadilisha 2014, wanaruhusu hadi wiki 12, wakati Wamakonde wapo kule na huku. Lakini mwenzangu alinasa kwenye kipande kimoja tu cha kifungu cha 150, kwamba kosa ni kosa mwanamke awe na mimba au asiwe nayo. Hicho ndicho alichokiandika ndani.

Siku ya mahafali mgeni rasmi alikipita haraka, akaenda kusifia bomba la gesi. Wazazi wakatazama, wakakohoa, wakasogea. Kisha akaja bibi mmoja, chale usoni, mdomo wa juu una kovu la ndonya, kile kipambo cha mdomoni cha wanawake wa Kimakonde. Hakuuliza ruhusa. Alikiinua mezani, akakipima uzito, akapitisha kidole gumba juu ya nta taratibu, mstari kwa mstari. Akakigeuza. Mkono wake mzima ukaingia kwenye ule uwazi, ukatulia humo.

"Mjukuu wangu, humu kumeandikwa nini?"

Nilikuwa karibu, nikamsomea: "Awe na mimba au asiwe nayo."

Akacheka, cheko la kifuani. Akasema kwa sauti ambayo hata wazee waliokaa chini ya mwembe waliisikia: "Humu huwa anaingia mwanaume! Tangu nikiwa mwali naambiwa ni mzimu. Miguu ya mume wangu mimi siijui?"

Wanawake walijiziba midomo kwa khanga, mabega yanatikisika. Wazee hawakucheka. Waliinuka, wakamfuata mkuu wa shule, na kelele zikaanza. Si za mimba. Walitaka kujua nani kamfundisha mtoto wa kike kuchonga kitu cha jando, na nani kakiweka mezani hadharani mgongo wazi. Mkuu akakifunika kwa kitambaa cha meza. Mdahalo wa jioni juu ya kutoa mimba ukafutwa, na hoja zangu za upande wa kupinga zikabaki mfukoni. Baadhi bado naziamini. Mbele ya bibi yule sijui ningezisomaje.

Novemba 2021 serikali ikaruhusu waliojifungua warudi shule. Vile vifungu vitatu havikuguswa.

Basi juzi baada ya maswali ya mdogo wangu nikampigia mwenzangu, nikamuuliza kinyago kiko wapi. Akasema mjomba alikichukua mwaka uleule, kimeshachezwa mara nyingi tu kule Newala.

"Na yale maandishi, aliyafuta?"

"Wala. Alisema mchezaji anatoka jasho, yatafutika yenyewe."