Siku moja maishani mwangu: mwendesha mtambo wa hewa iliyoshindiliwa

Saa 11 alfajiri. Napokea zamu. Kompresa, mashine za kushindilia hewa, zimenguruma usiku kucha, muda ambao gridi ina umeme wa kumwaga, zikiisukuma hewa kwenye pango la chumvi lililo mamia ya mita chini yetu; mchana hewa hiyo ndiyo inayoturudishia umeme. Presha imefika baa 68, yaani karibu mara 68 ya hewa ya kawaida. Kwenye 70 tunasimama, maana hata chumvi ina kikomo chake. "Haya kaka, mzigo wako huo," anasema mwenzangu, na kofia yake tayari iko mkononi.

Saa 12 na nusu. Kompresa zimezimwa, nakagua vipoza joto. Hapa ndipo roho inaponiuma. Hewa ukiishindilia inachemka, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto, na pango halitaki hewa ya moto. Basi joto lote lile, tulilolilipia kwa umeme, tunalitupa angani.

Saa 1 asubuhi. Gridi wanapiga simu: watu wameamka, umeme unahitajika. Nafungua vali, hewa inapanda kuzungusha tabaini, gurudumu linaloendesha jenereta. Kwa dakika kumi hivi mtambo unakuwa umeshika mzigo, na hilo ndilo jambo ninalojivunia.

Lakini hewa inapotanuka inapoa vibaya mno, ingegandisha tabaini. Kwa hiyo tunaipasha kwa kuchoma gesi asilia. Ndiyo, gesi! Wageni hushtuka sana nikiwaambia. Huntorf, Ujerumani, kituo cha kwanza kikubwa cha aina hii (1978), kila uniti moja inayotoka hula takriban uniti 0.8 za umeme na 1.6 za gesi. Anayetuita betri anatupamba.

Saa 4. Chai, na kujaza daftari.

Saa 6 mchana. Kikao na mhandisi mkuu. Nimeng'ang'ania hoja yangu ileile: tuurudishe moshi wa tabaini upashe hewa inayopanda. McIntosh, Alabama, wanafanya hivyo tangu 1991, na gesi inapungua kwa karibu robo. Yeye anataka kuruka hatua hiyo, tujenge matangi ya kuhifadhi joto lenyewe, kama kituo cha megawati 100 cha Zhangjiakou, China, kisichochoma gesi kabisa. Ni wazo zuri, ila kompresa zetu zilitengenezwa hewa ipozwe kila hatua ya kushindiliwa, kwa hiyo joto halipandi vya kutosha kuhifadhiwa, na kuzibadilisha ni karibu sawa na kujenga upya. Tumekubaliana nilete hesabu za njia zote mbili.

Saa 8. Pango liko baa 47. Nakabidhi zamu na makadirio ya usiku: saa nane za kujaza, bei ya umeme ikiendelea kushuka.