Ushuhuda wa deni ambalo bado halijalipwa

Kwenye jumuiya yetu hapa Mwanza, shuhuda huja baada ya neno na kabla ya sadaka. Tunakutana Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba, viti vya plastiki vimeazimwa kwa jirani, watoto wa mwenyeji wanachungulia pazia wakiomba tumalize haraka nao wapate chai. Mwongozaji anauliza nani ana la kumshukuru Mungu, na mara nyingi nakuwa nimeshajua kitakachofuata. Kiwanja kimepatikana. Kijana ameitwa kazini. Vipimo vimetoka, hakuna tatizo. Tunapiga makofi, nami napiga kwa moyo wote, maana hayo si mambo madogo. Ila yote tunayasikia yakiwa yameshakwisha. Mtu kalia mwaka mzima nyumba ya tatu kutoka kwako, wewe unapata habari siku anayocheka.

Bibi yangu mzaa mama hakulelewa hivyo kiimani. Alikuwa mwanauamsho, Bukoba huko. Wasiojua habari za Uamsho wa Afrika Mashariki niwape kwa ufupi: mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Wakati ule mzungu wa misheni na Mwafrika kuketi na kufunguliana mioyo kama ndugu halikuwa jambo la kawaida. Miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, ukaenda Uganda, ukaingia Buhaya, yaani huko kwa bibi Bukoba, Kenya na kwingineko. Watu walirudisha walivyoiba, wakaenda kwa waajiri wao kukiri. Na kila wiki walikutana "kuweka mambo nuruni", kama walivyosema wenyewe wakiifuata 1 Yohana 1:7.

Bibi alinisimulia kwamba kwenye ushirika ule hukuulizwa umebarikiwa nini. Uliulizwa uko wapi na Yesu leo. Leo, si mwaka ulipookoka. Na mtu akianza kujisifu au kurefusha, mmoja aliyekaa nyuma alianzisha Tukutendereza, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu, wote wakaitikia, msemaji akajua hapo ndipo pa kukaa. Bibi akifika hapo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Natamani utaratibu huo urudi, hasa kwa baba mmoja wa jumuiya yetu ambaye safari yake ya Dodoma tumeshaisikia kutoka stendi hadi stendi.

Sasa nije kwa mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Ameniruhusu niandike, bila jina. Yeye alikuwa mweka hazina wa kikoba chao, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Kama unavijua vikoba, unajua sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu, kwa hiyo kuiba sandukuni si rahisi. Yeye hakuiba sandukuni. Wanachama wawili walimletea marejesho mezani kwake sokoni, katikati ya wiki, akapokea. Ilikuwa mbalamwezi, wavuvi hawaingii ziwani, dagaa hakuna, na mwanawe alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Pesa ikaenda kwenye ada. Kikao kilipofika akasema hao wawili hawajaleta.

Jumamosi ile alisimama, akasema Bwana Yesu asifiwe, tukaitikia, tukakaa mkao wa kupiga makofi. Akasema: "Wapendwa, nimekula pesa ya wenzangu na nimewasingizia. Sijarudisha. Sina. Jumanne nakwenda kuwaambia, naogopa."

Hakuna aliyesema Amina. Mwongozaji aliangalia Biblia yake kama vile andiko limepotea. Mzee wetu mmoja ndiye aliyeinuka, akavuta kiti chake akakaa karibu yake, akamwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ni shilingi ngapi, mwanangu?" Baada ya hapo ndipo tulipoomba, na yalikuwa maombi ya watu wanaojua wanachokiomba.

Wiki zilizofuata walisimama wengine. Si kwa foleni, na si wote wakweli sawasawa, lakini baba mmoja alisema hajaongea na kaka yake tangu msiba wa baba yao kwa ajili ya shamba. Kabla ya hapo sikuwahi kumsikia akisema neno zaidi ya "nashukuru kwa uzima."

Nina tahadhari zangu. Mambo ya ndani ya ndoa yasimwagwe sebuleni kwa mtu. Hayo mpelekee mchungaji au mama mmoja mwenye kifua. Na ushuhuda wako uwe wako: wapo wanaokiri dhambi za mawifi zao kwa ufasaha mkubwa. Tena jumuiya ambayo maneno yake yanafika gengeni kabla ya saa nne haina haki ya kumwomba mtu afungue moyo. Kwetu tumelisemea hilo wazi, na kuna mtu tulimwita pembeni.

Jumanne yule mama alikwenda. Walipiga kelele, wakamvua uweka hazina, wakampangia kulipa kidogo kidogo. Analipa. Wale wawili aliowasingizia, mmoja amemsamehe, mwingine hamsalimii mpaka leo ingawa meza zao zinapakana. Hilo nalo alilileta Jumamosi iliyopita.