Cheti kinachonuka dagaa

Juzi mpwa wangu kaja kwangu kanuna, simu mkononi. Kamaliza kidato cha sita na HGL yake, historia, jiografia na Kiingereza, kapata divisheni wani safi kabisa, sasa anatafuta udhamini wa chuo na kila tangazo analofungua ni la watu wa sayansi. Samia Scholarship, sayansi. Akifungua lingine, uhandisi. "Mjomba, kwani sisi wa arts tumemkosea nani?" Nikamwambia aombe mkopo Bodi ya Mikopo kama tulivyoomba sisi, akaniambia mkopo ni deni mjomba, mimi nataka cha bure, na hapo sikuwa na la kujibu maana ile asilimia 15 inayokatwa kwenye mshahara wangu mpaka yeye anaijua, kila mwisho wa mwezi ananisikia nikilalamika.

Ndo nikakumbuka, si na mimi nilishawahi kushinda zawadi ya chuo! Nikapanda kwenye kiti nikashusha begi la vyeti juu ya kabati, vumbi tupu, nikakuta bado kipo. Kona ya chini kuna doa la mafuta, umbo la kidole gumba, na vigamba viwili vitatu vimegandia hapo vinang'aa kama glita. Mimi naapa bado kinanuka dagaa. Mpwa kakinusa kasema kinanuka mende.

Ilikuwa 2010, niko mwaka wa tatu sosholojia. Mwaka mmoja nyuma Elinor Ostrom alikuwa kachukua Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuichukua hiyo ya uchumi, na wala shahada zake si za uchumi, mama wa sayansi ya siasa yule. Kazi yake ilikuwa kuangalia watu wa kawaida wanavyojiwekea taratibu za kutunza mali ya wote, malisho, misitu, maji ya kumwagilia, uvuvi, bila kusubiri serikali wala mwenye hela aje kuwanyoosha. Kroni milioni 10 za Uswidi, wakagawana nusu kwa nusu na Oliver Williamson. Mhadhiri wetu mmoja alivyokuwa anamtaja ungedhani ni shangazi yake. Basi lilipotangazwa shindano la insha, zawadi 200,000 na cheti, darasa zima tukakimbilia ziwani kutafuta mali ya wote.

Wenzangu wengi walienda kuhoji wenyeviti wa BMU, vile vikundi vya kusimamia uvuvi mwaloni, wanaume wenye mihuri. Mimi nikaenda Igombe, kule kwa wavuvi pembeni ya jiji la Mwanza, kwa akina mama wanaoanika dagaa, na nilienda siku za mbalamwezi, maana dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa karabai, mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti, mitumbwi inapumzika na akina mama wanakuwa na nafasi ya kupiga stori.

Kulikuwa na mama mmoja ana ndoo ya bluu iliyopasuka ikashonwa kwa waya. Huyo ndo alinipa insha yote, niseme ukweli. Alinieleza pale mchangani kila mtu ana kipande chake, hakuna kigingi wala karatasi, ila thubutu uanike kwa mwenzio. Aliyejifungua kipande chake kinakaa wazi mpaka arudi. Mvua ikija unaanua kwanza za jirani asiyekuwepo ndo uende kwenye zako. Mimi naandika tu, mkono unauma, moyoni nasema Ostrom huyu hapa kavaa kanga. Nikamwambia mama, utafiti huu utasaidia. Sijui nani alitufundisha hiyo sentensi ila wote tulikuwa nayo, ukiisema watu wanafunguka.

Nikashinda. Kupeana mikono, picha, soda. Hela ilikuja baadaye sana, ikaliwa na deni la mgahawa na kuprinti na kubaindi na mambo mengine ambayo sikumbuki, au nakumbuka ila basi.

Nikabaki na elfu 20 na dhamira inanisuta, nikapanda daladala kwenda Igombe.

Safari hii zilikuwa siku za giza, mwezi hakuna, kazi imepamba moto, dagaa wametandazwa kwenye nyavu kuukuu mchangani mpaka pwani yote nyeupe, na wingu zito linakuja kutoka ziwani. "Shikamoo mama." "Marahaba, shika hapo!" Akanitupia upande wa wavu. Sikupata hata nafasi ya kusema mimi ni nani. Tukakunja, tukakokota, tukamwaga kwenye magunia, tukakimbilia wavu wa pili, matone yanaanza kupiga, na dagaa akishalowa ndo basi tena, anauzwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Tulipomaliza shati langu lilikuwa linameta. Akakaa juu ya ndoo yake, akanitazama vizuri. "Kumbe ni wewe wa maswali."

Nikatoa cheti kwenye bahasha. Akakipokea na mikono ileile, kidole kikatua pale kwenye kona, akasoma taratibu, midomo inacheza. Kisha akauliza, "Hii ndo ya chanja?"

Sikuelewa. Akaninyooshea kidole mchangani. Kumbe miezi yote hiyo yeye alijua naandika ili wajengewe chanja, zile za waya na miti, dagaa wakae juu wasiguse mchanga. "Si ulisema itasaidia?"

Nikasema hapana mama, hii ni ya insha, nimekuwa wa kwanza. "Hongera mwanangu," akasema, na alimaanisha, hilo ndo lilinimaliza. "Wamekupa shilingi ngapi?"

"Laki moja."

Sijui kwa nini nilidanganya. Ilitoka tu. Nikatoa ile elfu 20 nikamwekea mkononi, asante ya maneno yako mama. Akaiangalia, akainuka, akafungua gunia la dagaa wakavu na kuanza kupima. Akapima, akapima, mfuko wa rambo ukajaa, akachukua wa pili, akanijazia na nyongeza juu, akaufunga fundo. "Haya, hela yako imeisha."

Nikarudi mjini na mifuko miwili, konda ananisema njia nzima. Hosteli tulikula dagaa mpaka tukachukiana. Mpaka leo sijajua kama siku ile aliniheshimu au alinikatalia, na Igombe sijakanyaga tena, nikipita Airport, njia ya kwenda huko, huwa naangalia upande mwingine.

Mpwa wangu alisikiliza yote hiyo huku fomu iko wazi kwenye simu, inataka maneno 500 umeisaidiaje jamii yako. "Sasa kwenye insha huyo mama ulimwita nani?"

"Mhojiwa namba 7."

"Mjomba! Hata jina?"

Nikamweleza ndo utaratibu wa utafiti, majina ya watu hayatajwi, ni kumlinda mhojiwa.

"Kumlinda na nani?"

Nikamwambia simu yake haina chaji, akachomeke.